Seli Inapokosea Kujigawa: Bahati Mbaya, Mazingira au Urithi?

Januari 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Papo hapo vyombo vya habari vikatangaza kwamba theluthi mbili ya saratani ni bahati mbaya tu. Mwezi huohuo IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ikatoa taarifa ya kuipinga tafsiri hiyo. Desemba ya mwaka huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stony Brook wakaleta hesabu yao katika jarida la Nature: sababu za nje, walisema, zinachangia kati ya asilimia 70 na 90 ya hatari ya kupata saratani. Msomaji wa kawaida akaachiwa namba zinazogongana.

Nyumbani mkanganyiko ni uleule. Familia ikipokea majibu ya saratani huuliza kwanza imetoka wapi. Mmoja atalaumu vyakula vya siku hizi, mwingine ataikumbuka saratani ya bibi, mwingine ataona mkono wa mtu, na sasa yupo anayesema ni bahati tu, hakuna la kufanya. Jibu analolishika mtu huamua mengi: kama atampeleka binti yake kuchanjwa, kama atawahi kupimwa, kama mgonjwa atajilaumu bure. Ukiuondoa uchawi, zinabaki hoja tatu zenye ushahidi, na zote zinahusu jambo moja, yaani kosa linalotokea wakati seli inajigawa. Kwa hiyo hatuwezi kuzipima bila kuujua mgawanyiko wenyewe.

## Mzunguko wa seli, hatua kwa hatua

Kila seli hutokana na seli nyingine. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliieneza kauli hiyo miaka ya 1850, na mwaka 1882 Mjerumani mwenzake, Walther Flemming, akachapisha michoro ya mgawanyiko aliouona kwa hadubini katika seli za salamanda wachanga. Hata hivyo, kinachoonekana kwa hadubini ni kipande kifupi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Alma Howard na Stephen Pelc, wakichunguza mizizi ya mmea wa jamii ya maharage, walionyesha kwamba DNA hunakiliwa mapema, saa kadhaa kabla ya seli kuanza kugawanyika machoni. Hapo ndipo mzunguko ulipogawanywa katika awamu nne: G1, S, G2 na M.

Tuchukue seli ya binadamu inayokuzwa maabara, inayomaliza mzunguko kwa saa 24 hivi. Saa 11 za mwanzo ni za G1. Seli hukua, hutengeneza protini na kupokea taarifa kutoka kwa majirani: je, kuna haja ya seli mpya? Isipohitajika, hutoka kwenye mzunguko na kupumzika katika hali iitwayo G0. Seli nyingi za neva hukaa humo maisha yote.

Ikiruhusiwa, huingia awamu ya S inayochukua saa 8 hivi. Humo DNA yote hunakiliwa, takriban jozi bilioni 6 za herufi za kijenetiki. Kimeng'enya kinachonakili hukosea mara moja katika kila herufi laki moja hivi, lakini chenyewe husahihisha kazi yake, kisha kundi jingine la vimeng'enya hupita nyuma yake kurekebisha yaliyosazwa. Pamoja na ulinzi huo wote, makosa machache hupenya. Kwa makadirio ya Tomasetti na Vogelstein, seli shina ya kawaida, yaani ile inayozalisha seli nyingine za tishu, hupata mabadiliko matatu hivi ya jeni kila inapogawanyika.

Baada ya hapo huja G2, saa 4 za kukagua nakala na kujiandaa, na hatimaye awamu ya M, ambayo hutimia kwa saa moja tu. Mgawanyiko wa kiini ndani ya awamu hii huitwa mitosisi. Katika profezi, kromosomu 46, kila moja ikiwa na nakala yake pacha, hujikunja na kuwa nene. Utando wa kiini huvunjika, na nyuzi nyembamba hutoka ncha mbili za seli kuzishika. Katika metafezi hujipanga mstari mmoja katikati. Katika anafezi pacha huachana na kuvutwa kila mmoja upande wake. Katika telofezi viini viwili hujengwa, kisha saitoplazimu hugawanyika na seli mbili zinazofanana hutengana. Seli za uzazi hutengenezwa kwa njia nyingine, meiosisi, inayopunguza kromosomu hadi 23, lakini saratani huanza hasa katika seli zinazofuata mitosisi.

## Vituo vya ukaguzi

Seli haisongi mbele kwa saa pekee. Kati ya awamu na awamu kuna vituo vya ukaguzi. Mwishoni mwa G1 hukaguliwa kama DNA ni nzima. Katika G2, kama kunakili kumekamilika. Na katika metafezi, kama kila kromosomu imeshikwa na nyuzi kutoka pande zote mbili. Kituo hiki cha mwisho kina umakini wa kustaajabisha: kromosomu moja tu ikiwa haijashikwa, hutoa ishara inayowazuia pacha wote wa seli nzima wasiachane mpaka nayo ishikwe.

Waliofungua siri ya mfumo huu ni watatu, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Leland Hartwell alitumia hamira ya mikate. Tim Hunt aligundua katika mayai ya viumbe wa baharini protini zinazopanda na kushuka kila mzunguko, zinazoitwa saiklini. Paul Nurse alitumia hamira nyingine, Schizosaccharomyces pombe, iliyotambuliwa na kupewa jina mwaka 1893 huko Ujerumani kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki. Nurse alipata jeni inayoamrisha hamira kugawanyika, na mwaka 1987 akaonyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kufanya kazi hiyohiyo ndani ya hamira. Maana yake ni kwamba kanuni za mgawanyiko ni za kale mno na ni zilezile kwa viumbe walio mbalimbali kabisa.

Walinzi wawili wa vituo hivi tutakutana nao tena. Protini ya p53 husimamisha seli yenye DNA iliyoharibika, na uharibifu ukizidi huiamuru ife. Jeni yake imeharibika katika takriban nusu ya saratani za binadamu. Protini ya Rb hushikilia lango la kutoka G1 kwenda S.

## Hoja ya kwanza: bahati mbaya

Wanaoshika hoja hii husema kwamba kunakili hakuwezi kukamilika bila makosa, kwa hiyo tishu inayogawanyika zaidi itapata saratani zaidi. Utafiti wa 2015 ulilinganisha tishu 31 na kuona kwamba idadi ya migawanyiko ya seli shina inaeleza asilimia 65 ya tofauti ya hatari kati ya tishu moja na nyingine. Mwaka 2017 watafiti hao walipanua uchunguzi hadi nchi 69, wakakadiria kwamba asilimia 66 ya mabadiliko ya jeni yaliyomo kwenye saratani hutokana na makosa ya kunakili, 29 na mazingira, na 5 na urithi.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inaeleza jambo lililosumbua muda mrefu: kwa nini utumbo mpana hupata saratani mara nyingi zaidi kuliko utumbo mwembamba, ingawa chakula kinapita kote. Ina ubinadamu pia. Mzazi wa mtoto mwenye saratani, au mtu asiyevuta sigara aliyepata saratani ya mapafu, ana haki ya kuambiwa kwamba hakukosea popote.

Udhaifu wake ni kwamba kulinganisha tishu na tishu hakuelezi tofauti ya mahali na mahali. Saratani ya umio imeshika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, kwa kiwango kisichoonekana Afrika Magharibi. Hakuna sababu ya kudhani kwamba umio wa Mkenya una seli zinazojigawa kwa mpango tofauti na wa Mghana. Isitoshe, idadi ya migawanyiko peke yake ingewafanya tembo wafe kwa saratani mapema, kwa kuwa wana seli nyingi zaidi kuliko sisi. Hawafi hivyo. Mwaka 2015 watafiti walibaini kwamba tembo hupata nakala 20 za jeni ya p53 kutoka kwa kila mzazi ilhali binadamu hupata moja. Kumbe hesabu ya migawanyiko haitoshi; uimara wa ukaguzi nao una neno.

## Hoja ya pili: mazingira na mwenendo

Upande huu unasema makosa mengi yanayozaa saratani yanaletwa au kuongezwa na mambo ya nje: moshi wa tumbaku, mionzi ya jua, virusi, sumu za vyakula, pombe. Nguvu yake kubwa ni kwamba katika visa kadhaa tunajua kiungo cha mzunguko kilichopigwa.

Virusi vya papiloma, HPV, ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuvihusisha na saratani ya mlango wa kizazi. Virusi hivi vinahitaji mitambo ya awamu ya S ili vizaliane, lakini seli vinamoishi zingetaka kupumzika. Kwa hiyo hutengeneza protini mbili: E7 huishika Rb na kufungua lango la S, E6 huiteketeza p53 ili asiwepo wa kusimamisha seli. Makosa ya kunakili yanaendelea kutokea kama kawaida, ila sasa hayana mkaguzi. Aina mbili tu za HPV, 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Mwanamke anayeishi na VVU yuko katika hatari mara 6 hivi ya asiye na VVU, kwa sababu kinga yake haiviondoi virusi hivi haraka.

Sumukuvu ni mfano mwingine. Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu hutoa sumu inayojibandika kwenye DNA ya seli za ini na kuacha kovu linalojulikana mahali pake: badiliko moja mahususi kwenye jeni ya p53. Mtu mwenye homa ya ini B akila sumukuvu kwa miaka, hatari mbili hizo huzidishana, kwa kuwa kinga ya mwili, ikipambana na kirusi, huua seli za ini na kuzilazimisha nyingine kujigawa kuziba pengo, wakati sumu inaharibu DNA inayonakiliwa.

Udhaifu wa hoja hii ni wa aina mbili. Kwanza, namba ya asilimia 70 hadi 90 haina maana kwamba sababu zote hizo zinajulikana, wala kwamba zinaepukika. Kwa umio, chai ya moto sana inashukiwa. IARC mwaka 2016 ilitaja vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 kuwa yaelekea vinasababisha saratani, lakini hilo halielezi ukanda mzima. Pili, hoja hii ikisemwa bila uangalifu hugeuka hukumu: mgonjwa huulizwa alikula nini, alifanya nini, mume wake alikuwa wapi. Mazingira si hiari ya mtu mmoja. Mkulima asiye na ghala kavu hakuchagua sumukuvu.

## Hoja ya tatu: urithi

Mwaka 1971 Alfred Knudson alichambua wagonjwa 48 wa saratani ya jicho la watoto. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya Rb, moja kutoka kwa kila mzazi. Mtoto wa kawaida huugua pale tu nakala zote mbili zinapoharibika ndani ya seli moja, jambo la nadra. Aliyerithi nakala mbovu amebakiza kosa moja tu; ndiyo maana huugua mapema zaidi na mara nyingi macho yote mawili.

Nguvu ya hoja hii ni uwazi wake: mtoto anaweza kufuatiliwa tangu kuzaliwa, na mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha, ambayo ni dalili ya saratani hii, haitapuuzwa. Udhaifu wake ni udogo wa eneo lake, kwani saratani za kurithi kwa njia hii ni asilimia 5 hadi 10 tu. Familia nyingi zinazojiona zina saratani ya ukoo zinarithishana pia jiko, shamba na mazoea. Na hata urithi halisi mara nyingi hungoja mazingira. Mtu mwenye ualbino amerithi ngozi isiyo na melanini ya kutosha, lakini saratani yake ya ngozi inaletwa na jua. Kofia pana na losheni, kama ile inayotengenezwa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kwa ajili ya watu wenye ualbino, huizuia bila kugusa jeni hata moja.

## Uvimbe mmoja, sababu tatu

Kisa kinachoonyesha vema jinsi bahati na mazingira vinavyokutana kilianza katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha, akaandika kuuhusu mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo unaonekana. Ramani iliyopatikana ilifanana na ile ya maeneo yenye joto na mvua, ambayo ndiyo maeneo ya malaria kali. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, London, walikuta kirusi kipya katika seli za uvimbe uliotoka Uganda. Leo kinaitwa Epstein-Barr, na uvimbe wenyewe huitwa limfoma ya Burkitt.

Ndani ya seli zenyewe, kipande cha kromosomu ya 8 kinakuwa kimekatika na kuhamia, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14. Kipande hicho kina jeni ya MYC, inayosukuma seli kutoka G1 kwenda S. Mahali pake papya ni penye shughuli nyingi mno, hivyo MYC haizimiki. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Nani alaumiwe? Kukatika kwa kromosomu mahali hapo hasa ni bahati mbaya. Kirusi cha Epstein-Barr karibu kila mtu anacho, na wengi hawaugui. Ila malaria inayorudi tena na tena huzilazimisha seli za kinga kujigawa kwa wingi na kukatakata jeni zake za kutengeneza kingamwili. Kila duru ni nafasi nyingine ya mkato kwenda kombo. Mazingira hayakuiondoa bahati, yaliizidishia nafasi.

## Kupima uzito

Hapa ndipo namba zilizoonekana kugongana zinapopata maelewano, kwa sababu zilijibu maswali tofauti. Asilimia 65 ya mwaka 2015 inajibu kwa nini tishu hutofautiana. Asilimia 66 ya mwaka 2017 inajibu mabadiliko ya jeni yalitoka wapi. Asilimia 30 hadi 50, makadirio ya Shirika la Afya Duniani, inajibu ni saratani ngapi zingeweza kuzuiwa kwa maarifa tuliyonayo leo. Tuseme uvimbe unahitaji mabadiliko matatu; mawili yametokana na kunakili, la tatu na tumbaku. Theluthi mbili ya mabadiliko ni bahati, lakini bila tumbaku uvimbe huo usingekuwepo. Tomasetti na Vogelstein wenyewe waliliweka wazi hilo mwaka 2017.

Kwa Afrika Mashariki mizani inaelemea upande wa mazingira kuliko vinavyodokeza vichwa vya habari vya Marekani. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoongoza kwa wanawake wetu, na kisababishi chake kinajulikana kwa jina. Saratani ya ini, limfoma ya Burkitt na saratani ya Kaposi nazo zina virusi nyuma yake. Kuwaambia watu wetu kwamba saratani ni bahati ni kuwanyima kinga iliyopo.

Lakini kinga ina mipaka yake. Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa kitaifa Rwanda mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019, humlinda msichana dhidi ya ugonjwa ambao ungekuja miongo kadhaa baadaye. Haiwaondolei virusi wale waliokwisha kuambukizwa. Mama mwenye umri wa miaka 40 anahitaji uchunguzi. Njia inayotumika vituoni ni rahisi: muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, na sehemu yenye seli zinazojigawa ovyo hugeuka nyeupe. Inaweza kutibiwa siku hiyohiyo. Ndiyo maana lengo la dunia la mwaka 2030 linataka vyote kwa pamoja: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe, 70 ya wanawake wapimwe, 90 ya wanaougua watibiwe.

Tiba nayo hutoza gharama inayotokana na mzunguko uleule. Methotrexate huzuia kunakili katika awamu ya S. Vincristine, inayotolewa kwenye mmea wenye asili ya Madagaska, huvuruga nyuzi za mitosisi hadi seli ikwame. Zote mbili zimewaponya watoto wengi wenye limfoma ya Burkitt. Dawa za aina hii, hata hivyo, hazitofautishi seli ya saratani na seli nyingine inayojigawa kwa haki, na ndiyo sababu nywele hunyonyoka, kinywa huota vidonda na damu hupungua. Mgonjwa akielezwa hivyo mapema hatadhani dawa inamuua, na hatakatisha matibabu njiani.

## Kwa muhtasari

Saratani ni mgawanyiko wa seli uliokosa ukaguzi. Makosa ya kunakili ni sehemu ya uhai na hayatakwisha. Hapo hoja ya bahati ni ya kweli. Mazingira huongeza idadi ya makosa, huongeza duru za mgawanyiko na huvunja vituo vya ukaguzi. Urithi humwanzisha mtu akiwa tayari amepoteza mlinzi mmoja, lakini huwahusu wachache. Kila hoja ina kazi yake: bahati inadai uchunguzi wa mapema kwa kila mtu na kumwondolea mgonjwa lawama, mazingira yanadai chanjo, maghala makavu, vita dhidi ya malaria na tumbaku, urithi unadai kufuatilia familia zenye dalili.

Kosa la mjadala wa 2015 lilikuwa kuchukua jibu la swali moja na kulifanya jibu la yote. Wizara inayopanga bajeti, mwandishi anayeandika habari za afya na familia iliyopokea majibu wanapaswa kuuliza kila wanapoonyeshwa asilimia: hii inapima nini? Katika nchi zetu, saratani kadhaa zinazoongoza zina kisababishi kinachojulikana na kinachozuilika. Kuziita bahati mbaya ni kosa la hesabu ambalo watu watalilipia kwa uhai wao.